Magharibi ya Saa Kumi na Moja

Mimi ni mtu wa ndani. Nasema mapema ili msomaji asikae akisubiri nitoke. Karibu kila kilichonipata maishani kilinikuta nyumbani, na hiki pia kilinikuta hapo hapo, katika chumba cha mbele cha nyumba tunayopanga mimi na mama huku Nyakabanda, Kigali, kwenye ua wenye nyumba tatu na geti moja. Nina miaka arobaini na mbili, cheti cha sekondari na kompyuta ya mezani. Kwa kompyuta hiyo nachapa maombi ya kazi ya watu, barua za kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kadi za harusi ambazo mimi mwenyewe sijawahi kuzihitaji. Majirani wananiita Injenyeri. Hakuna anayemaanisha.

Ramadhani iliyopita nilijipa cheo cha pili. Hapa kwetu adhana ya msikitini husikika kwa kubahatisha, na mvua ikinyesha juu ya mabati ndiyo kabisa, husikii hata anayekusemesha. Kila mtu ana simu, lakini mama haziamini. Anasema kila simu ina saa yake na kila mwenye simu ana njaa yake. Basi nikachukua ile karatasi ya ratiba wanayogawa msikitini, nikaingiza nyakati zote za magharibi, siku moja baada ya nyingine, kwenye programu inayopiga sauti kwa saa uliyoiandikia. Spika nikaielekeza dirishani. Saa ikifika, kompyuta inaadhini na nyumba tatu zinafuturu.

"Muadhini wa plastiki," alisema jirani wa nyumba ya kati siku ya kwanza, huku anatafuna. Huyu ni fundi cherehani, mzaliwa wa mtaa wa Biryogo hapa mjini, mama wa watu wazima wawili waliohama, na tangu tuhamie hapa hajawahi kunisemesha bila kunichoma. "Lakini sauti iko nzuri, sha," akamalizia kwa hilo neno la Kinyarwanda la kumwita rafiki. "Nzuri kushinda yako."

Furaha yangu haikuwa kwake. Ilikuwa kwa mama. Mwaka wa nyuma yake alifanyiwa upasuaji wa tumbo mwanzoni mwa Shaabani, na daktari akamkataza kufunga mwezi mzima. Mama, ambaye tangu akiwa msichana kule Mwanza alikuwa hajaacha Ramadhani nzima impite, alishinda siku thelathini akila uji mchana, ameupa mlango mgongo ili asionekane. Safari hii aliporuhusiwa, zile za nyuma akiwa ameshazilipa, alisema mara moja tu, wala hakusema kwa sauti kubwa: "Huu mwezi nautaka wote. Sitaki kubaki na siku ya kulipa." Kila usiku alihesabu kwa vidole. Tulipofika siku ya ishirini na nane, nilikuwa namsikia akihesabu hata usingizini.

Sasa nieleze kuhusu saa ya kompyuta, na hapa naomba nisikilizwe kwa huruma.

Nilipoinunua, miaka minne iliyopita, iliniuliza mimi ni mtu wa majira ya mji gani. Ikanipa orodha ndefu ya miji nichague. Nikatafuta Kigali, haipo. Nikatafuta Bujumbura, haipo. Kampala pia haipo. Nairobi ipo. Nikasema Nairobi si mbali, Afrika Mashariki ni moja, na isitoshe saa ya Nairobi ndiyo saa ya Mwanza nilikokulia kabla familia haijarudi Rwanda. Nikabofya. Saa ikaenda mbele kwa saa nzima, kwa sababu sisi hapa tuko nyuma yao kwa saa moja. Nikairudisha kwa mkono. Kesho yake ikarudi mbele. Nikairudisha, ikaenda. Nikaja kugundua kwamba ilikuwa inauliza saa kwenye intaneti kwa siri, kisha inajisahihisha yenyewe. Nikazima hicho kitufe cha kuuliza. Ikatulia. Nikajiona nimeifundisha adabu.

Saa isiyomuuliza mtu, hata hivyo, huchelewa. Hii yangu ilikuwa ikipoteza dakika moja kila wiki, na katikati ya pilikapilika za Ramadhani sikuangalia. Jioni ya siku ya ishirini na saba fundi alikuja mlangoni na bakuli la tambi.

"Injenyeri, hii saa yako iko na nini? Dada yangu Biryogo anapiga simu, amekwisha kula sambusa mbili, mimi bado natazama dirisha lako kama paka."

"Dakika nne tu," nikasema.

"Dakika nne za njaa. Hesabu na tumbo, sha, usihesabu na vidole."

Asubuhi yake, siku ya ishirini na nane, nikaamua kuitengeneza kisomi. Niliwasha kile kitufe nilichokizima miaka minne, nikabofya maneno ya kusawazisha saa na intaneti. Hitilafu. Nikabofya tena. Hitilafu. Bando lilikuwa limeisha. Nikasema nitarudi baadaye, nikaacha kitufe kimewaka, nikaenda kulala. Mtu aliyefunga ana haki ya kulala.

Alasiri nilinunua bando ili nimtumie mteja barua yake. Niliituma, nikaenda jikoni kukaanga sambusa. Kitufe sikukikumbuka. Lakini chenyewe kilikuwa macho, na intaneti sasa ipo.

Mvua ilianza kujikusanya yapata saa kumi na nusu. Wanaoijua Kigali ya masika wanajua wingu lile linavyokuja kutoka upande wa Mlima Kigali, zito, la rangi ya sufuria iliyoungua. Kufikia saa kumi na moja watu walikuwa wamewasha taa. Mimi nilikuwa na mafuta motoni, nasikia mabati yanaanza kupigwa, mara sauti ikapanda dirishani: Allahu akbar, Allahu akbar.

Nikafurahi. Kwa sekunde chache nilifurahi kama kila mtu. Kisha nikaangalia sambusa. Nilikuwa nimekaanga sita, na kwa kawaida adhana hunikuta nimefika thelathini. Nikatoa simu mfukoni. Saa kumi na moja na dakika nane.

Nikazima jiko.

Kutoka jikoni hadi chumba cha mbele ni hatua kumi na mbili. Nilizipiga nikijiambia kwamba mama huwa hana haraka, kwamba huanza kwa dua, tena dua ndefu ya kutaja marehemu wote. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, miguu ameikunja, kikombe cha maji mkononi, uso umetulia kama wa mtu aliyefika. Kwenye kisahani mbele yake kulikuwa na kokwa moja ya tende.

"Mbona umesimama," akasema. "Kaa ufuturu, mwanangu."

Adhana ilikuwa bado inaendelea. Nikaikata. Uani nilisikia fundi akicheka, akiita nyumba ya nyuma: "Leo muadhini amewahi, leo ametuonea huruma." Na mzee wa nyumba ya nyuma, mshona viatu, mtu mpole asiyependa maneno, akajibu kwamba yeye tayari yuko kwenye uji.

Nitasema kweli. Kwa muda kama wa kumeza mate nilifikiri kunyamaza. Nje kulikuwa kweusi. Hakuna aliyekuwa anaangalia simu, wote walikuwa wanaangalia sahani. Nikinyamaza, mama atakuwa amefunga ishirini na nane, na kesho ishirini na tisa, na mwezi wake utakuwa mzima, na mimi peke yangu ndiye nitakayejua. Hata nilianza kujipangia kwamba dhambi ni yangu, yeye hana lolote. Kisha akainua kikombe kwa mara ya pili, akanitazama juu ya ukingo wake kwa namna ya shukrani, na nikashindwa.

"Mama, usinywe. Jua halijazama."

Kikombe kikasimama hewani.

"Ni saa kumi na moja na dakika kumi. Kompyuta imeruka saa nzima. Ni mimi."

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Aliweka kikombe chini taratibu, akaenda bafuni, nikamsikia akisukutua mdomo. Aliporudi aliniuliza jambo moja tu: "Na jirani?"

Nikatoka nje kwenye mvua kuwaambia. Sitaki kukumbuka sana sehemu ile. Mzee wa nyuma alilitazama bakuli lake, lilikuwa tupu, akasema "Basi," akaingia ndani kusukutua. Fundi alinifuata hadi chumbani kwetu akiwa na sambusa iliyong'atwa mkononi, kama ushahidi.

"Umetulisha mchana," akasema. "Mimi, mwanamke mzima. Nimekula tatu, na hii ya nne iko mkononi. Mama mkubwa, huyu mtoto wako ametulisha mchana kweupe."

"Si kweupe," nikasema kijinga. "Kulikuwa na giza."

"Giza iko kichwani kwako."

Mama alikuwa amerudi kwenye mkeka. "Tulivyofundishwa chuoni, madrasa," akasema, "aliyekula akidhani jua limezama, akijua anaacha hapo hapo, anakaa hivyo mpaka magharibi ya kweli, halafu analipa siku hiyo baada ya Idi." Aliisema yote kwa sauti moja. Lakini alipofika kwenye kulipa, niliona kidole chake kimoja kikijikunja ndani ya kiganja.

"Basi tutangoja simu zetu," fundi akasema.

"Hapana. Ametuita kwa hicho," mama akaonyesha kompyuta, "na atatuita tena kwa hicho, kwa saa yake ya haki. Mimi nimeshatoa siku moja. Ya pili sitoi. Kesho nitakisikia tena hicho, na nitataka kujua kinasema kweli."

Nilikuwa na saa moja kasoro.

Nilikaa kitini na wanawake wawili nyuma yangu. Kitu cha kwanza nilifanya kile nilichofanya siku zote: nikairudisha saa kwa mkono. Kumi na moja na dakika kumi na sita. Nikageuka kuwaonyesha. Fundi hakunitazama mimi, alitazama kioo.

"Imeenda tena," akasema.

Kweli. Kumi na mbili na dakika kumi na saba. Kitufe kilikuwa bado kimewaka. Nikakizima kwa hasira, nikairudisha saa tena. Nikaanza kujieleza, kwamba sasa iko sawa, kwamba nimeifunga mdomo.

Mama akasema nyuma yangu: "Unaisahihisha au unaidanganya?"

Miaka minne nilikuwa naidanganya. Intaneti ilikuwa inaipa saa sahihi ya dunia, nayo inaongeza saa za Nairobi kwa sababu nilishaiambia tuko Nairobi. Ilikuwa inanitii, na kwa kunitii nikaiita mkaidi. Nilirudi kwenye ile orodha ya miji. Fundi akainama begani kwangu, ananukia vitunguu, na mimi bado nimefunga.

"Kigali iko wapi?"

"Haipo."

"Basi tafuta mwenye saa kama yetu. Ndugu yangu anapeleka lori Lubumbashi, saa zao na zetu ni moja."

Lubumbashi pia haikuwepo. Lakini miji ilikuwa imepangwa kwa saa, na palipoandikwa saa mbili mbele ya saa ya dunia, ambapo ndipo tulipo, palikuwa na Harare na Pretoria. Nilipaona miaka minne iliyopita. Napakumbuka vizuri. Nilipita nikasema, mimi Harare nina nini.

Nikasema hivyo tena, kwa sauti.

"Unaona aibu ya Harare," fundi akasema, "na kutulisha mchana hukuona aibu. Bofya hiyo Harare, sha."

Nikabofya. Saa ikaruka nyuma. Sasa kioo kilisoma saa kumi na dakika ishirini na tano. Fundi akashika kichwa. "Ametoka magharibi, ameturudisha alasiri. Mama mkubwa, tutakula lini?"

Nilijua kosa: nilikuwa nimeirudisha kwa mkono kabla ya kuhama mji, kwa hiyo imerudi mara mbili. Kuandika saa iliyo kwenye simu yangu kungechukua nusu dakika. Kidole kilikuwa tayari kwenye namba.

"Usiguse namba," mama akasema. Hakuwa amesogea. "Mkono wako ndio ulionilisha. Kama inajua kuuliza, iulize."

Nikawasha kitufe. Nikabofya kusawazisha. Hitilafu. Mvua ilikuwa imefika juu yetu kabisa, na intaneti imekufa. Taa ya chumba ikapepesa mara moja, mara ya pili, wote watatu tukaangalia juu. Haikuzimika. Fundi akatoa simu yake, ya mtandao mwingine, akawasha intaneti yake niiunge. Nikaunga. Nikabofya. Kale kaduara kakazunguka, kakazunguka. Muda umeisha, ikasema.

"Inasema nini?"

"Inasema imeuliza haikujibiwa."

"Kama mimi na wewe, ninapokuuliza utaoa lini."

Hakuna aliyecheka, hata yeye. Alikwenda dirishani, akainua simu juu ya kichwa kwa mkono ule usio na sambusa, akabaki hivyo kama anayebeba taa. Nikabofya. Hitilafu. Simu yangu ilisoma kumi na moja na dakika arobaini na mbili. Nikabofya. Hitilafu. Nilifikiri juu ya kesho, siku ya ishirini na tisa, mama akisikia adhana na kukaa bila kugusa tende, akiniangalia usoni kwanza. Nilifikiri kwamba huenda akaniangalia hivyo hata Ramadhani zijazo.

Ndipo nikaona, chini ya kitufe, kisanduku chenye anwani. Kumbe ile saa haiulizi intaneti yote. Inauliza mahali pamoja palipoandikwa pale, na pale palikuwa hapajibu. Nikafungua kisanduku: kulikuwa na anwani nyingine tatu chini yake. Nikachagua ya pili. Mkono wa fundi ulikuwa umeanza kutetemeka dirishani.

"Nishushe?"

"Usishushe."

Nikabofya. Kaduara. Kisha, bila makeke yoyote, saa ikabadilika: kumi na moja, dakika hamsini na moja. Nikaangalia simu yangu. Hamsini na moja. Nikamwomba fundi asome ya kwake. "Hamsini na moja," akasema, akashusha mkono, akasugua bega.

"Bofya tena," mama akasema.

"Mama, imekubali."

"Ile ya kwanza nayo ulisema imekubali."

Nikabofya mbele yake. Tukangoja. Haikuruka. Nikabofya mara ya tatu bila kuambiwa. Ikakaa pale pale, ikavuka kwenda hamsini na mbili kwa mwendo wake wa kawaida.

Zile dakika kumi na sita zilizobaki zilikuwa ndefu kuliko mchana wote. Mzee wa nyuma alikuja na mkewe, wakasimama barazani kwetu, mvua imepungua. Nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta kama mtu anayelinda mgonjwa. Ilipofika kumi na mbili na dakika nane adhana ikapanda, na hakuna hata mmoja aliyegusa kitu. Wote waliangalia simu zao, kisha wakamwangalia mama. Mama aliinuka, akaenda mlangoni, akatazama juu kwa muda mrefu. Hapakuwa na cha kuona, wingu lilikuwa bado limefunika. Kwa mbali sana, baada ya mvua kukatika, ikasikika adhana nyingine, ya mtu.

Akarudi akachukua tende.

Baadaye, watu wameshiba, fundi ndiye aliyeligundua. "Ngoja. Mzee amekula. Mimi nimekula. Mama mkubwa amekula. Injenyeri alikuwa jikoni." Akanigeukia. "Wewe hukula."

"Sikula," nikakubali.

"Kwa hiyo ua mzima tunalipa, na mwenye kosa funga yake iko nzima."

Mama alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha puani, lakini nilikisikia. Mwezi uliandama baada ya siku ya ishirini na tisa. Mama alitoka na siku ishirini na nane, na pengo moja. Siku ya Idi watu walimpongeza kwa kufunga mwezi mzima, naye akawajibu, kila mmoja, "Bado moja."

Aliilipa wiki iliyofuata, Alhamisi. Sikudaiwa, lakini nilifunga naye. Sikukaanga kitu, sikulala mchana, nilikaa chumbani nikibofya kile kitufe kila saa mpaka akaniambia nitaiharibu. Jioni anga ilikuwa safi, jua tuliliona likizama kwa macho yetu. Kompyuta ikaadhini. Nilimsogezea maji.

Hakuyachukua. Akayasukuma kwangu.

"Anza wewe," akasema.

Nikanywa. Alinitazama kooni mpaka akaona nimemeza. Kisha akasema bismillahi, akanyoosha mkono kwenye kikombe chake.